Njano ya Bango la Migomba

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Irine, mgeni haingizwi nyumbani kwa watu kwa mlango wa nyuma. Umeshuka kwenye basi la Mwanza na boksi kubwa kuliko wewe, ukalipitisha uani, ukaliweka juu ya meza ya babu yako, ukachomeka na waya wa umeme, ndipo ukaja kunipigia goti: "Shikamoo Bibi." Marahaba ya nini? Mimi kwanza, boksi baadaye. Hivyo ndivyo tulivyokulea.

Haya. Naandika kwa kuwa marehemu mume wangu aliandika kila siku habari za kiwanda chetu hiki cha uchapaji, hapa Ngara mjini, na alipokufa kalamu ikabaki kwangu. Nimesoma mpaka darasa la nne kwa masista. Asiyependa mwandiko wangu asisome.

Boksi lenyewe ni printa ya prufu. Irine, mtoto wa mwanangu Frednand, anasema inarusha wino kama manyunyu na kutoa karatasi moja inayofanana na zile zitakazotoka kwenye mashine kubwa. Mteja anaitazama, anasema sawa au si sawa, kabla hatujatengeneza bati za kuchapia wala kufungua kopo la wino. Nikamuuliza, "Na mashine kubwa imekubali kufanana na haka kadogo?"

Akacheka. "Bibi, hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Haka kadogo ndiko kanatakiwa kufundishwa kufuata kubwa."

Afadhali anajua nani mkubwa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ndassa, bwana shamba wa wilaya, ameleta kazi. Mnyauko wa migomba umeingia mkoani. Kwa wenzetu wa Biharamulo umeshaonekana Nyarubungo, na mgomba ukishaupata hauponi. Wanataka mabango ya kubandika vijijini, waanze na Kibimba. Picha mbili tu. Juu ni ndizi nzima, isiyoumwa, iliyopasuliwa, nyama yake kama ilivyo siku zote. Chini ni ndizi gonjwa iliyopasuliwa, nyama ina njano na madoa ya kutu. Ukiona ya chini, kata mgomba, ng'oa mpaka kitako chake, fukia.

"Mama," Ndassa akaniambia, "hapa rangi ndiyo habari yenyewe. Watu wengi maneno hawatayasoma. Wataangalia picha, wataangalia ndizi yao, watachukua panga."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Benaco ilipojaa wakimbizi mwaka ule wa 94, mabango ya kuchemsha maji yalichapwa hapa, na hakuna aliyekunywa maji machafu kwa sababu yetu.

Ila nitasema ukweli. Kazi za wakimbizi zinakwisha. Kambi ya Lukole inapungua kila wiki, mashirika yanafunga ofisi na kuuza viti. Tusipopata kazi za wilaya, kuku watatagia kwenye mashine.

Jumatatu, 9 Oktoba

Tumegombana. Irine anataka kuchapa kwenye mashine kubwa karatasi ya viboksi vya rangi. Njano, nyekundu, buluu na nyeusi, kila moja kuanzia hafifu mpaka iliyokolea. Kisha achape viboksi hivyo hivyo kwa kadogo kake, aziweke karatasi mbili dirishani, na pale kadogo kanapokosea akarekebishe kwenye kompyuta.

"Karatasi nzuri, bati nne na dizeli ya jenereta kwa ajili ya viboksi?" nikamwambia. "Nani ananunua viboksi?"

"Si vya kuuza, Bibi. Ni vya kupimia."

"Kipimo ninacho."

Nikampeleka sebuleni, juu ya kiti changu. Pale imetundikwa kalenda ya ushirika ya mwaka 1988. Mama amebeba mkungu wa ndizi, amejifunga kitenge cha buluu na blauzi nyeupe, na pembeni kuna kahawa mbivu. Marehemu aliichapa rangi moja moja, njano kwanza, nyeusi mwisho, na mkubwa mmoja wa Bukoba akauliza kama imetoka Ulaya. Filamu zake nne, moja kwa kila rangi, bado zimo kwenye bahasha. Nikamwambia: ingiza filamu hizo kwenye kompyuta yako, chapa kwa kadogo kako, na kafanane na hii ya ukutani. Kakifanana, kamefaulu.

Leonidas, fundi wetu wa mashine tangu hajaota ndevu, akakohoa mlangoni. "Mama Frednand, tangu wakati ule mashine imebadilishwa rola..."

"Na wewe umebadilishwa nini?"

Akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi, 12 Oktoba

Irine ameshinda sebuleni na vikaratasi. Anachapa, anaacha vikauke (angalau anajua kwamba wino mbichi ni mwongo), kisha anapanda juu ya stuli na kuviweka kando ya fremu. Kila mara picha ya kadogo inatoka baridi, ina ubuluu, haina ule moto wa picha ya marehemu. Anaongeza njano. Anachapa tena.

"Bibi, blauzi ya huyu mama siyo nyeupe."

"Karatasi za zamani zilikuwa hivyo. Si hizi zenu zinazong'aa kama meno ya bandia."

"Niitoe kwenye fremu niione vizuri?"

"Misumari hiyo iligongwa na babu yako. Iache."

Nikawasha kiko changu, nikakaa namtazama akiongeza njano.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua. Jenereta limegoma.

Jumatano, 18 Oktoba

Zimefanana. Irine aliziweka mbili mbele yangu nikashindwa kusema ipi ya marehemu na ipi ya kadogo, isipokuwa kwa kugusa.

Ndipo akachapa prufu ya bango. Ikatoka ndizi nzima ya rangi ya siagi, na ile gonjwa kama imepakwa binzari. Ndassa akapasua ndizi yetu ya shambani, akailaza juu ya karatasi. "Hii yenu ya juu nayo inaumwa," akasema. Basi Irine akapunguza njano kwenye picha zote mbili. Akachapa, akapunguza tena, mpaka ndizi ya kweli ikilala juu ya karatasi unaitafuta ilipo. Ile gonjwa Ndassa aliilinganisha na alizoziona kwa macho yake kule Nyarubungo.

"Hiyo hiyo," akasema. "Hapo msiguse tena." Akaweka sahihi.

Nilifurahi. Irine nilimpa paja la kuku, ambalo kwa kawaida ni langu.

Jumanne, 24 Oktoba

Filamu zimefika na basi kutoka Mwanza, bati zikatengenezwa, Leonidas akachapa njano, zikafuata nyingine. Mchana akaja na karatasi mkononi.

"Mama Frednand, njano imekonda. Haifanani na prufu."

"Fungua wino."

"Nimefungua. Nikiongeza tena itapaka mgongo wa karatasi ya juu yake."

Nje kulikuwa na giza la mvua. Nikaichukua mpaka sebuleni chini ya mwanga wa njano wa balbu, nikaiweka karibu na prufu. Niliona zinalingana.

"Macho yako yamezeeka, Leonidas."

"Basi tuzitoe kwenye mwanga, tuone wote."

"Mvua yote hii, unataka tumpe Ndassa supu ya karatasi? Prufu imesainiwa. Chapa."

Akachapa. Mtu akiambiwa na mwenye mali, afanye nini?

Jumamosi, 28 Oktoba

Nyandwi, mkata karatasi wetu, Mrundi wa Lukole, amekuja kuaga. Jina lake limetoka kwenye msafara wa kurudi kwao. "Kisu cha kukatia nimekinoa, Mama," akasema, kana kwamba anakwenda sokoni tu. Nikamwambia asivae viatu vipya njiani. Mikono ya yule kijana haikuwahi kukosea ukingo. Sasa Leonidas anakata mwenyewe huku ananung'unika.

Ijumaa, 3 Novemba

Mabango yamekwenda Kibimba. Ndassa hakuwepo, amekwenda semina Bukoba. Yamechukuliwa na dereva.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Maharage yamechanua.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua. Irine ameanza tena habari za viboksi. Nimempa jembe akapalilie.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo amekuja mwanamke wa Kibimba anaitwa Koleta, mjane, kwa miguu, matope mpaka magotini. Kichwani kichane cha ndizi, kwapani bango letu limekunjwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimeuliza nani amechapa hili, wakanionyesha hapa."

Akalitandika juu ya meza. Akachukua kisu changu bila kuomba, akapasua ndizi yake, akailaza kwenye picha ya juu, ile ya ndizi nzima. Picha ilikuwa nyeupe kama chokaa. Hakuna ndizi duniani iliyo nyeupe hivyo. Akaisogeza kwenye picha ya chini, ile ya ndizi gonjwa. Ikalingana. Weupe wa maziwa wenye njano kidogo, kama ndizi yoyote ya mtu yeyote. Madoa ya kutu yalibaki kama vumbi tu.

"Nilikata wa kwanza," akasema, "nikaona ni hii ya chini. Nikakata wa pili, ni hii ya chini. Majirani wakasema, Koleta, shamba lako limeoza, utatuambukiza. Wakaja na mapanga kunisaidia. Wakang'oa na vitako, kama mlivyoandika. Juzi bwana shamba amerudi kutoka Bukoba, akapita kwangu, akashika kichwa. Anasema migomba ilikuwa mizima."

"Umeng'oa mingapi?"

"Uliza iliyobaki."

"Imebaki ipi?"

"Ya nyuma ya choo. Hiyo walisahau."

Mvua ilikuwa imekatika. Nikabeba bango, prufu na ndizi, nikatoka navyo uani kwenye jua. Prufu na ndizi ni ndugu. Bango ni mtu mwingine kabisa. Hata kipofu angeona. Leonidas alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kufutia wino. Akaendelea kufuta vidole vyake. Ningependa angenikumbusha aliyoniambia.

"Umekula, mwanangu?" nikamuuliza Koleta.

"Nile nini, Mama? Bango?"

Nikamkalisha kwa nguvu, nikampakulia ugali na maharage. Alikula huku ananitazama. Sijapenda kutazamwa hivyo nikiwa kwangu.

Alipoondoka nikamgeukia Irine. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamwambia kadogo kake kametuingiza shimoni, kametuonyesha picha ambayo mashine haiwezi kuichapa. Hakulia. Alikuwa anafikiri, na sikumbuki kama nilishawahi kumwacha afikiri.

"Bibi," akasema, "kadogo kalifuata kalichoambiwa. Tulikaambia kafuate kalenda. Kakafanana na kalenda mpaka wewe ukashindwa kutofautisha. Kwa hiyo anayeongeza njano siyo kadogo."

"Unasema marehemu alichapa vibaya?"

"Sisemi hivyo. Naomba nyundo."

Nyundo sikumpa. Nilipanda stuli mwenyewe, nikaishusha fremu, nikang'oa misumari mmoja mmoja. Haijawahi kuwa na kioo. Tulipoinua ubao wa pembeni, chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, kama ilivyotoka mashineni. Ukingo wa blauzi uliofichwa na ubao ulikuwa mweupe, jani la mgomba lililofichwa lilikuwa kijani kibichi. Pale ubao ulipoishia, palianza rangi ya chai, ikaenda mpaka ubao wa upande wa pili.

Nikatazama ukuta. Pale fremu ilipokuwa pamebaki kidirisha cheupe, na ukuta wote uliokizunguka ni kahawia. Chini yake kiti changu. Kando ya kiti, kiko.

Kumbe tumefundisha kadogo kufuata moshi wa tumbaku yangu. Kenyewe kakaamini kwamba mashine yetu inachapa njano nyingi, kakatuonyesha njano nyingi, na sisi tukaenda kuipunguza kwenye picha. Mashine ikachapa kile ilichopewa.

"Mama Frednand," Leonidas akasema, "hata dari."

Nikamwambia afunge mdomo akaoshe rola. Akaenda anacheka mabega yakitikisika. Nilimwacha acheke.

Jumatatu, 20 Novemba

Viboksi vimechapwa. Leonidas aliacha mashine izunguke, akatupa karatasi za mwanzo zote, akangoja mpaka wino ukatulia, ndipo akachomoa moja na kusema, "Hii ndiyo mashine ilivyo leo." Karatasi zilizotupwa ziliniuma lakini nilinyamaza. Nimekwenda kukaa jikoni ili ninyamaze vizuri.

Jumatano, 22 Novemba

Viboksi vimekauka. Irine anapima dirishani, mbali na sebule yangu. Amekataa hata nisimame karibu nikiwa na kiko kilichozimwa. "Bibi, nenda huko." Nimekwenda.

Jumamosi, 25 Novemba

Prufu mpya, picha mpya, filamu mpya, bati mpya. Leonidas akichomoa karatasi, anaitoa uani na mwavuli, Irine ameshika prufu, Ndassa ameshika ndizi, wote watatu wameinamisha vichwa kama kuku kwenye mtama. Zikafanana. Akachomoa nyingine baadaye, zikafanana. Karatasi niliyoweka kwa kalenda za Krismasi imeliwa yote na kazi hii. Mwaka huu watu watahesabu siku kwa vidole.

Jumatatu, 27 Novemba

Tumekwenda Kibimba, mimi, Irine na Ndassa. Mwenyekiti wa kijiji aliita watu shuleni.

Njiani Ndassa aliniambia linalomnyima usingizi. Migomba ya Koleta ni hasara, lakini hasara kubwa ni kwamba sasa hawataamini bango lolote. Mnyauko wa kweli ukifika watakaa wanautazama mpaka umalize kata nzima. Alisema kwa upole. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Nilisimama mbele yao nikasema: "Bango lile limetoka kwangu. Huyu binti alitaka kupima mashine, nikamkatalia. Fundi wangu akaniambia njano haitoshi, nikamfokea. Bwana shamba hana kosa, acheni kumzomea. Nileteeni ngazi nilibandue."

Mzee mmoja mwenye fimbo akapaza sauti. "Bibi, jana mlisema tukate. Leo mnasema tusikate. Kesho?"

"Kesho tutapasua kichwa chako tuone kama kina njano."

Wakacheka, naye akacheka, lakini hakuketi. Alikuwa na haki. Basi nikasema msiniamini. Kila mtu akalete ndizi ya shambani kwake. Wakaleta. Tulibandika bango jipya kwenye ukuta wa nje, juani, wakapita mmoja mmoja wakipasua na kuweka. Ya juu. Ya juu. Ya juu. Yule mzee akapasua yake, akaweka juu, akahamisha chini, akarudisha juu. Akaigusa picha ya chini kwa fimbo.

"Hii ya chini sijawahi kuiona," akasema.

"Omba usiione," Ndassa akamwambia. "Ukiiona, usinisubiri."

Koleta alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. "Na migomba yangu?"

"Itatoka kwangu," nikasema.

"Sitaki ya pombe. Nataka ya kupika."

Wote wakaangua kicheko. Ndassa akainua mkono: hakuna chipukizi litakalovuka kata kabla hajakagua shamba linakotoka. Nikamwambia njoo ukague hata leo, ila ufute matope kwanza.

Wakati wa kuondoka Koleta hakuniaga. Alimuaga Irine.

Ijumaa, 1 Desemba

Ndassa amepita shambani kwangu mgomba kwa mgomba. Ni safi. Amesema panga lipitishwe kwenye moto kila tukihama shina. Wakati huo huo ameleta habari kwamba Biharamulo nao wanataka bango, tena kwa haraka, maana Nyarubungo hali ni mbaya. Kazi inaanza Jumatatu. Basi sikilizeni, wote mlio chini ya paa hili.

Frednand, Jumapili ukitoka misani usipite kilabuni. Njoo na jembe, ung'oe machipukizi ya kupika, yale yenye majani membamba kama upanga, uyafikishe Kibimba kabla mvua haijakatika, na uyapande wewe mwenyewe pale Koleta atakapokuonyesha. Asipokukaribisha maji, usiombe.

Irine, viboksi vichapwe upya kila rola au wino ukibadilishwa, usiniulize. Karatasi yake ikae ndani ya debe lenye mfuniko, gizani, na debe lisiingie sebuleni kwangu.

Leonidas, Jumatatu ukichomoa karatasi, itoe kwenye mwanga, mvua iwepo isiwepo. Isipofanana na prufu, zima mashine. Nitakuja kukufokea, najijua. Wewe zima tu.